Mnyoo Huyu Hatembei, Tunambeba Sisi

Juzi nilikuwa Kinangop, kaunti ya Nyandarua, na mama mwenye shamba akanionyesha kiraka cha viazi karibu na lango, hakizidi ukubwa wa chumba cha kulala. Kwingine mimea imekolea kijani, maua yametoka. Pale imedumaa, majani manjano, na saa sita mchana yamelegea ilhali mvua ilinyesha jana yake.

"Daktari, hapa mbolea haikushika," akaniambia. Alikuwa ameshaongeza mbolea ya DAP mara mbili.

Sikuung'oa mmea. Ukivuta, ushahidi wote unabaki udongoni. Niliuchimbua taratibu kwa uma jembe, nikaukung'uta, nikamwinulia mizizi juani: chembe za mviringo, ndogo kama kichwa cha pini, nyingine nyeupe, nyingine rangi ya dhahabu. Alikuwa akiziona msimu mzima, akidhani ni mchanga.

Kila chembe ni mnyoo jike. Kichwa kimezama ndani ya mzizi kikinyonya, mwili umevimba nje umejaa mayai. Akifa, ngozi yake hukauka ikawa kifuko kigumu cha kahawia chenye mayai mamia kadhaa, na kifuko hicho huweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi kikisubiri. Mizizi ya kiazi hutoa kemikali fulani. Mayai yakizipata, yanaanguliwa. Msipopanda viazi, mengi yao hulala tu.

Huyu wa dhahabu anaitwa Globodera rostochiensis, jina la mji wa Rostock, Ujerumani, ingawa kwao ni milima ya Andes kulikotoka kiazi chenyewe. Kenya aliripotiwa mwaka 2015. Mwaka 2018 akaripotiwa ndugu yake, Globodera pallida, ambaye jike lake halipiti kwenye rangi ya dhahabu. Kuripotiwa si kuwasili, kwa hiyo sina haja ya kumsaka aliyemleta.

Ninalotaka mlishike ni hili: mnyoo aliyetoka yaini akiachwa peke yake hasogei hata mita moja. Kutoka shamba hadi shamba husafiri kwa tope la buti, kwato za ng'ombe, plau ya trekta la kukodi, maji ya mvua yanayoteremka mteremko, na zaidi ya yote kwa mbegu na magunia. Wengi wetu hupanda viazi vidogo tulivyobakisha au tulivyonunua kwa jirani, na udongo uliogandamana kwenye macho ya kiazi huja navyo bure. Ndiyo maana nilipoona kiraka kiko karibu na lango sikushangaa. Hapo ndipo lori hupakia, hapo ndipo magunia ya dalali humwagwa na kukung'utwa.

Shangi, aina ya kiazi tunayoipanda wengi, nayo inatuponza kidogo. Inaiva upesi na kuchipua upesi, basi tunairudisha ardhini msimu hadi msimu bila kuipumzisha.

Kuna aina za viazi zenye kinga, nyingi zikibeba jeni iitwayo H1. Zinafaa, lakini H1 humzuia rostochiensis tu. Uingereza walipanda Maris Piper, aina yenye H1, kwa wingi tangu miaka ya 1960, wa dhahabu akapungua, pallida akajitanulia. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia mbegu ya kinga, jua una yupi.

Kupumzisha shamba kunasaidia, lakini msimu mmoja wa mahindi ni kama kumpa likizo. Hesabu miaka sita au saba, jambo gumu kwa mwenye ekari moja. Mimi humshauri wa namna hiyo achanganye: kabichi, njegere, na mnavu, ile managu yetu ya mboga, ambayo majaribio ya hapa nchini yameonyesha inapunguza minyoo hii udongoni. Na viazi vyovyote vilivyojiotea katikati ving'olewe, la sivyo mapumziko yote yamekwenda na maji.

Kupima si uchawi. Tunakausha udongo, tunaumimina majini. Vifuko vikavu huelea na kushika ukingoni kama mashapo ya chai. Kimoja nikikipasua kwa sindano chini ya hadubini, mayai humwagika kama punje za mchele.

Nilichukua udongo sehemu mbalimbali za shamba, si kwenye kiraka tu. Nilipokuwa nikifunga mifuko nikamuuliza mama yale magunia aliyoyakunja kando ya ghala yalitoka wapi. Akayatazama kwa muda. "Soko," akasema. Soko lipi, hakukumbuka.