Mchoro wa Zamani Haufi Wenyewe

Watu wa saiti huniita dada wa makaratasi, na wengi wanaamini nimeajiriwa ili kutunza michoro na barua za mradi. Kutunza ndiyo sehemu nyepesi. Mtu yeyote aliyepita masjala ya serikali anajua kufungua faili, kupanga folio na kumsainisha mpokeaji kwenye kitabu cha dispachi. Kwenye ujenzi kinachoumiza kichwa ni kuondoa: mchoro uliopitwa uwe umetoka mikononi mwa kila mtu kabla zege halijamwagwa.

Chukua jengo la ghorofa pale Upanga, Dar es Salaam. Mhandisi wa miundo ametoa mchoro wa nguzo, toleo B. Wiki chache baadaye mbunifu majengo anahamisha ngazi, mzigo unabadilika, nondo zinaongezwa, linatoka toleo C. Kwa mhandisi mambo yamekwisha; katuma barua pepe. Kwangu ndiyo kwanza yanaanza, maana toleo B limeshatawanyika. Lipo kwa mhandisi mkazi, lipo kwa mkadiriaji majenzi anayeandaa hati ya malipo, foromeni kalibandika ukutani kwenye kontena, na fundi nondo ana lake mfukoni, alilolitoa fotokopi steshenari kwa hela yake mwenyewe. Hilo la mfukoni ndilo linalojenga.

Na lina balaa la pili. Mchoro ulichapwa kwenye karatasi ya A1 kwa kipimo cha 1:50. Steshenari wameubana ukaingia kwenye A3, ambayo upana na urefu wake ni nusu ya A1, kwa hiyo kipimo sasa ni 1:100. Lakini pembeni bado pameandikwa 1:50. Fundi akikosa urefu fulani kwenye maandishi akaweka rula juu ya karatasi, anapata nusu ya urefu halisi. Ndiyo maana michoro mingi ina onyo kwamba usipime kwa rula, fuata tarakimu zilizoandikwa. Onyo lenyewe kwenye A3 limekuwa dogo kama sisimizi, nani atalisoma juani?

Utaratibu wangu hauna uchawi. Toleo jipya likifika naliingiza kwenye rejista: namba ya mchoro, toleo, tarehe iliyoandikwa juu yake, tarehe niliyolipokea, na nani kakabidhiwa lini. Tarehe mbili hizo za kwanza usizichanganye. Mchoro wa tarehe 3 unaweza kunifikia tarehe 19, na siku hizo za katikati zina mwenyewe wa kuzijibu. Kisha natangulia mimi kutafuta mabadiliko. Mbunifu makini huyazungushia mstari wa mawimbi na kuyaeleza kwenye kisanduku cha marekebisho. Asiye makini hubadilisha kimyakimya, nami humrudishia mchoro kwa barua.

Halafu nakwenda saiti na nakala mpya, na siitoi mpaka ya zamani irudi mkononi. Hapo foromeni hununa.

"Dada, acha hiyo, ile nyingine nitakuletea kesho."

"Kaka, nakusubiri hapahapa."

Kesho ya saiti kila mtu anaijua. Nakala zinazorudi huchanwa, isipokuwa moja inayopigwa muhuri mwekundu wa IMEBATILISHWA na kuwekwa kwenye faili lake. Wageni wa kazi hii hushangaa kwa nini niweke kitu nilichohangaika kukiondoa. Ugomvi ukizuka, swali la kwanza huwa siku ile zege linamwagwa mkandarasi alikuwa na toleo gani. Bila toleo B na saini ya makabidhiano, kila upande utakumbuka unavyotaka.

Kuna pia hadhi ya mchoro, ambayo watu huipuuza kwa sababu imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona. Mchoro wa taarifa, wa kuidhinishwa, wa zabuni na wa ujenzi unaweza kufanana mistari yote. Wa ujenzi peke yake ndio wa kumpa fundi. Ya zabuni ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu mkandarasi anakuja nayo toka siku ya kwanza, tena imepigwa chapa vizuri, na hakuna anayewaza kumnyang'anya.

Kuhusu WhatsApp nina msimamo ambao vijana wanauona wa kizee. Kundi la mradi ni zuri kwa kuuliza lori la kokoto limefika wapi. Kutumia kundi hilo kurusha picha ya mchoro nakataa. Ile picha hukaa kwenye simu kumi, huwezi kuikusanya wala kuipiga muhuri, na miezi miwili baadaye mtu ataisogeza juu kwa kidole, aikute, aijengee. Kwenye kundi tuandike namba ya mchoro na toleo tu. Anayeutaka aje ofisini au aufungue kwenye folda ya mradi.

Upande wa mkataba mambo ni makali zaidi. Miradi mikubwa, hasa inayofadhiliwa na mabenki ya maendeleo, hutumia mikataba ya mfano ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika Kitabu Chekundu cha 1999, yaani mkataba wao wa kazi za ujenzi, kifungu cha 1.3 kinataka mawasiliano yawe kwa maandishi: yapelekwe kwa mkono na kusainiwa, kwa posta au mjumbe, au kwa njia ya kielektroniki iliyokubaliwa na kutajwa kwenye kiambatisho cha zabuni. Sijaona kiambatisho kilichotaja WhatsApp.

Sasa huku kwetu maelekezo hutolewa kwa mdomo, tena kwa Kiswahili, watu wamesimama kwenye vumbi, wakati mkataba wote ni wa Kiingereza. Mhandisi anasema, "Hapo ongezeni upana," anapanda gari anaondoka. Kifungu cha 3.3 kimeliona hilo: mkandarasi athibitishe kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na mhandisi asipojibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya kupokea, uthibitisho ule unakuwa ndiyo maelekezo yenyewe. Kwa hiyo kila jioni napita kwa wasimamizi na kitabu chenye kaboni na kuuliza nani kaambiwa nini leo. Nahesabiwa mbea. Sijali.

Tena kuna siku 28 za kifungu cha 20.1. Mkandarasi anayetaka muda wa nyongeza au fedha atoe notisi ndani ya siku hizo tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio lenyewe. Zikipita, haki imepotea, hata kama hoja yake ina nguvu. Mvua ndiyo mfano mzuri kwa Dar es Salaam. Masika ya Machi hadi Mei yanajulikana, hivyo mvua ya kawaida haikupi siku hata moja. Lazima uonyeshe kwamba ilizidi kiasi. Hapo utahitaji takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa, vipimo vya saiti yenyewe, na shajara ya kila siku inayosema mashimo gani yalijaa na mitambo ipi ilisimama. Shajara iliyojazwa ya mwezi mzima kwa siku moja huonekana: kalamu ni ileile na mwandiko haujachoka.

Kuhusu mifumo ya kompyuta nitasema kidogo. ISO 19650 ya 2018, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, imeweka hatua nzuri: kinachoandaliwa, kilichoshirikishwa, kilichochapishwa, na kumbukumbu. Mradi mkubwa ununue mfumo. Jengo la kawaida la Goba litatosheka na rejista ya Excel na folda nne za hatua hizo, ilimradi mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kuweka faili kwenye ile ya tatu.

Mwisho wa mradi kila mtu anakuwa na haraka, na michoro ya jengo kama lilivyojengwa ndiyo inayoumia. Watu huchukua ya awali, hubadilisha maandishi ya kichwa, basi. Bomba lililohamishwa mita mbili kukwepa mwamba halimo, na miaka ijayo kijiko cha mtambo ndicho kitakacholigundua. Mimi huidai kidogo kidogo: kazi ikifukiwa leo, mchoro wenye wino mwekundu uje wiki hii, kabla mpima hajasahau.

Na kwa kuwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba, makabati hayauzwi kwa wafunga karanga jengo likizinduliwa. Vivyo hivyo barua zilizobaki kwenye laptopu ya mhandisi anayehama kazi zisiondoke naye. Kwenye fomu yake ya kuondoka niliomba iongezwe nafasi ya saini yangu, ikaongezwa, chini kidogo ya ile ya mhasibu.