Kuandika chujio la printa si kugusa kiini cha mfumo

Wengi wanaotumia Linux huamini kwamba kubadilisha mpangilio wa kinachochapishwa, tuseme risiti ya duka, lazima uandike draiva (programu inayoendesha kifaa) kwa lugha ya C na kuingia ndani kabisa ya mfumo. Imani hiyo ina mantiki, maana draiva za vifaa vingi hukaa huko.

Kwenye CUPS, huduma ya uchapishaji ya Linux nyingi, kazi ya kupanga hufanywa na chujio: programu ya kawaida inayopokea data upande mmoja na kuitoa upande wa pili. Hata skripti fupi ya shell, yaani faili la amri za terminali, inatosha. Huipokea kazi kwa vigezo vitano: namba ya kazi, mtumiaji, jina la kazi, idadi ya nakala na chaguo, cha sita, kikiwepo, ni faili la kusoma.

Chukua printa ya zamani inayochapa mistari ikishuka kama ngazi kuelekea kulia. Inasubiri alama ya kurudi mwanzo wa mstari, \r, ambayo Linux haiweki. Dawa ni mstari mmoja:

sed 's/$/\r/'

Uhifadhi kwenye skripti iitwayo chujio yenye ruhusa ya kuendeshwa, kisha ujaribu bila kupoteza karatasi:

echo "Sukari 2" | ./chujio 1 asha risiti 1 "" | od -c

Ukiona \r kabla ya \n (alama ya mstari mpya), limefanya kazi. Ujumbe wako wa majaribio upeleke kwenye stderr (njia ya ujumbe wa makosa), la sivyo utachapwa katikati ya risiti ya mteja.