Dole juu la nini? Jinsi ninavyosoma maoni kuhusu RPG za anime za watu wazima

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kusoma maoni ya wachezaji na kuwafafanulia watengenezaji wa magemu: hapa mnasifiwa, hapa mnatukanwa kwa adabu. Nimepitia magemu ya mbio, ya vita na ya kulima shamba. Yaliyonitoa jasho kuliko yote ni RPG (magemu ya kuigiza mhusika na kumkuza) za anime, yaani michoro ya Kijapani, za watu wazima, zile za mapanga, uchawi na majoka ambazo kila baada ya kipande cha safari mambo ya chumbani huanza. Asilimia za wanaoyapendekeza huwa juu sana, na mara nyingi gemu lenyewe si zuri kiasi hicho.

Sababu ya kwanza ni swali linaloulizwa. Tangu ilipofungua maoni ya wateja mwaka 2013, Steam, duka la magemu la mtandaoni, haikuulizi unalipatia gemu alama ngapi. Inauliza kama unalipendekeza au la, dole juu au dole chini, basi. Gemu ambalo kila mtu ameona "si haba" linaweza kupata asilimia 95, na lile ambalo nusu ya watu wanalipenda kufa na nusu hawataki kulisikia likabaki 50. Ile namba inaonyesha ni wangapi walipata walichokifuata. Walifuata nini, haisemi.

Halafu mlangoni kuna chujio. Mwezi Septemba 2018 Steam ilianza kupokea magemu ya ngono yasiyokatwa, na huyaficha kwa mtu yeyote ambaye hajayaruhusu mwenyewe kwenye mipangilio yake. Ambaye angechukizwa halioni gemu, halinunui, hana maoni. Na miongoni mwa walionunua, wengi hawaandiki kitu, maana maoni hukaa hadharani na jina la akaunti juu yake. Kwa hiyo wanaobaki kuandika ni wawili hivi: shabiki sugu asiyeona haya, na mcheshi.

Huyu mcheshi ndiye anayeharibu hesabu. Kwenye aina hii ya magemu neno "hadithi" limegeuka fumbo la ngono. Mtu anaandika kwamba alinunua kwa ajili ya hadithi, wenzake wanakufa kwa kicheko, na kila mmoja anajua kinachosemwa. Tabu ni kwamba baadhi ya magemu haya yana hadithi kweli. Siku ya kwanza ya kazi hii nilihesabu sifa za hadithi nikazipeleka kwa studio kama zilivyo. Mwandishi wao wa hadithi alifurahi sana. Sikuwa na moyo wa kumrekebisha siku ile.

Sasa mimi huanza na saa. Steam huonyesha saa ambazo mwandishi alikuwa amecheza alipoandika, na hizo huzisoma kabla ya maneno. Ukiona dole chini lenye saa 1.8, huenda gemu limesharudishwa, kwa kuwa fedha hurejeshwa ukiomba ndani ya siku 14 na hujapita saa 2 za kucheza. Pengine hata bosi wa kwanza, adui mkubwa wa mwisho wa hatua, hajamfikia. Dole juu lenye saa 1.8 na utani wa mstari mmoja halinisaidii zaidi. Ninayemtafuta ni mtu wa saa 60 aliyeweka dole chini. Watu humzomea: kama ni baya, ulikaa humo ukitafuta nini? Lakini huyo ndiye atakayekwambia kwamba kuanzia sura ya nne maadui ni walewale waliobadilishwa rangi, kwamba uchawi wa moto unamaliza kila pambano, au kwamba tafsiri ilianza kuyumba katikati, mhusika aliyekuwa akiongea kwa heshima akaanza kuropoka kama mlevi.

Chukua Evenicle ya studio ya AliceSoft, iliyotoka Japani mwaka 2015. Katika ulimwengu wake sheria ya kimungu inampa kila mtu mwenzi mmoja, na mashujaa walioapishwa peke yao ndio wanaoruhusiwa kuoa zaidi. Asterisk, mhusika mkuu, anataka wawili, basi anaufuata ushujaa, na wake zake ndio kikosi chake cha vita. Mapigano ni ya zamu, yanaenda haraka, na ucheshi ni mwingi. Kisha, katikati ya uchangamfu huo, wabaya wa hadithi wanawafanyia wanawake ukatili wa kingono unaoonyeshwa waziwazi. Wachezaji hurudia jambo hilohilo: walifurahia safari, pale wakakwama. Wengi wao bado wanaweka dole juu. Malalamiko mazito kabisa yamekaa ndani ya sifa, na ukisoma asilimia peke yake hutayaona. Kwangu malalamiko yale ni ya haki. Mtu aliyekaribishwa harusini asiingizwe machinjioni bila kuambiwa. Steam huwataka watengenezaji waeleze kwa maandishi maudhui ya watu wazima yaliyomo, na studio zinazoandika maelezo hayo kwa mafumbo hujitafutia hasira zenyewe.

Kuna pia maoni yasiyohusu gemu hata kidogo. Mengine ni ugomvi wa mozaiki, vile vyumba vya ukungu vinavyoficha sehemu za siri, ambazo huwekwa Japani kwa sababu ya kifungu cha 175 cha sheria ya jinai. Mengine ni ya kiraka, faili la nyongeza la kurejesha kilichokatwa, kinachopakuliwa nje ya duka na kugoma kuingia. Mwaka 2025, kampuni za malipo zilipobana na Steam ikaondoa baadhi ya magemu ya ngono, mada ikawa hiyo. Hayo nayaweka kando.

Kipimo changu ni kimoja: ukitoa ya chumbani, kinabaki nini? Utawarerumono, gemu jingine la Japani, ilitoka mwaka 2002 kwenye kompyuta ikiwa ya watu wazima. Ilipohamia PlayStation 2 mwaka 2006 matukio hayo yaliondolewa, na mfululizo ukaendelea bila hayo hadi leo. Vita vyake vya mbinu vilikuwa na miguu yake.

Studio moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na asilimia nzuri tu. Niliwaonyesha kwamba wachezaji wao wengi wanasifu picha na kulalamikia mapigano, tena hurudia neno "kuchosha". Nilidhani wangeyarekebisha mapigano. Wakaweka kitufe cha kuyaruka. Madole juu yakaongezeka. Ndani ya wiki ileile likaja dole chini la mtu wa saa 140, maneno machache tu: kama ninyi wenyewe mnayaruka, mliyaweka ya nini? Ripoti yangu iliyofuata ilianza na hilo.