Prosesa ikigonga 100% kwenye kompyuta ya kamera: nani anasimbua nini?

Kompyuta inayorekodi kamera za nyumbani ikielemewa haikuambii. Picha zinaendelea kuonekana, faili zinaendelea kuandikwa, ila siku ukiirudia rekodi unakuta mtu yuko getini, halafu ghafla yuko mlangoni, na sekunde tatu za katikati hazipo. Tena hazipotei ovyo. Zinapotea pale pale mwendo unapotokea, kwa sababu huo ndio wakati programu ina kazi nyingi zaidi. Kwa hiyo prosesa inayoshinda kwenye 90% si jambo la kuzoea. Napenda kuiona chini ya 50% hata nyumba ikiwa na pilikapilika, ili nafasi ibaki kwa ajili ya usiku wa mvua.

Watu wengi hudhani kurekodi ndiko kunakokula prosesa. Sivyo. Kamera yenyewe imeshaibana video kwa H.264 au H.265 (viwango vya kubana video) kabla haijaituma. Kompyuta inapokea pakiti na kuziweka kwenye diski kama zilivyo. Hata mashine dhaifu inaweza kurekodi kamera nane namna hiyo bila kutokwa jasho. Kazi nzito ni kusimbua, yaani kuzigeuza zile pakiti ziwe picha kamili ambazo programu inaweza kuzichunguza au skrini kuzionyesha.

Piga hesabu uone. Kamera ya 4K inatoa fremu za 3840×2160, ambazo ni pikseli 8,294,400 kila moja. Kwa fremu 20 kwa sekunde, hizo ni pikseli milioni 166 kila sekunde, kwa kamera moja tu. Fremu moja ikishasimbuliwa inachukua takriban megabaiti 12.4 za kumbukumbu, hivyo kamera hiyo inasukuma karibu megabaiti 249 kila sekunde kabla programu haijajiuliza hata kama kuna mtu. Sasa chukua mkondo mdogo wa kamera hiyo hiyo, yaani video ya pili yenye picha ndogo ambayo kamera huituma sambamba na ile kuu, wa 640×360. Una pikseli 230,400 kwa fremu, pungufu mara 36. Ukiuweka kwenye fremu 5 kwa sekunde, kazi inapungua mara 144. Hakuna prosesa utakayonunua itakayokupa nafuu ya kiasi hicho.

Pima kwanza, gusa baadaye

Kwenye Linux fungua `top`, kisha bonyeza herufi `c` ili kila mchakato uonyeshe amri yake nzima. Michakato ya `ffmpeg`, programu inayopokea na kusimbua video, itaonyesha pia anwani ya kamera inayoshughulikiwa, na hapo utajua mara moja ni kamera gani inayokula. (Amri hiyo ina jina la mtumiaji na nywila ya kamera. Ukitaka kumtumia mtu picha ya skrini akusaidie, zifute kwanza.) Usishtuke ukiona mchakato mmoja umeandikwa 180%: `top` huhesabu kiini kimoja cha prosesa kuwa 100%, kwa hiyo huo unatumia karibu viini viwili.

Tazama pia mstari wa juu, pale penye `wa`. Namba hiyo ikiwa kubwa, prosesa haifanyi kazi bali inaisubiri diski, na lolote utakalobadilisha kwenye video halitasaidia. Huo ni ugonjwa mwingine, nitaugusa mwishoni.

Ukitaka kujua kamera moja inagharimu kiasi gani hasa, ipime peke yake:

`ffmpeg -benchmark -rtsp_transport tcp -i "rtsp://..." -an -t 30 -f null -`

Amri hii inasimbua sekunde 30 za video na kuzitupa. Mwishoni inaandika `utime` na `rtime`. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ukipata 0.4, kamera hiyo inakula asilimia 40 ya kiini kimoja kwa kusimbuliwa tu. Rudia kwa anwani ya mkondo mdogo, kisha rudia tena ukiongeza `-c copy` kabla ya `-f null` ili uone gharama ya kupokea bila kusimbua. Namba hizo tatu zikikaa pamoja, unajua pa kuanzia.

Mkondo mkuu kwa diski, mkondo mdogo kwa macho ya programu

Huu ndio urekebishaji unaoleta nafuu kubwa kuliko mingine yote, na ndio unaorukwa mara nyingi. Karibu kila kamera ya IP hutoa mikondo miwili. Kwa Hikvision mkondo mkuu ni `/Streaming/Channels/101` na mdogo ni `/Streaming/Channels/102`. Kwa Dahua, anwani ya `/cam/realmonitor?channel=1` huishia na `&subtype=0` kwa mkuu na `&subtype=1` kwa mdogo. Kwenye Frigate, programu ya kurekodi kamera na kutambua vitu, mgawanyo unaandikwa hivi:

```
cameras:
  mlango:
    ffmpeg:
      hwaccel_args: preset-vaapi
      inputs:
        - path: rtsp://.../Streaming/Channels/102
          roles: [detect]
        - path: rtsp://.../Streaming/Channels/101
          roles: [record]
    detect:
      width: 640
      height: 360
      fps: 5
```

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni vipimo. Kama kamera inatuma 704×576 nawe umeandika 640×360, programu italazimika kupunguza kila fremu, na kazi hiyo haikuwa na sababu. Namba za kwenye faili zilingane na zile zilizo kwenye ukurasa wa mipangilio ya kamera. Wa pili ni fremu. Ukiacha kamera itume fremu 25 huku programu ikitumia 5, hujaokoa usimbuaji. Fremu nyingi za H.264 si picha kamili. Zimebeba tofauti tu kati yake na fremu zilizotangulia, hivyo programu inalazimika kuzisimbua zote ndipo itupe 20. Shusha fremu ndani ya kamera yenyewe.

Ukiwa humo kwenye mipangilio, weka fremu kamili moja kila sekunde kwa mkondo mdogo: fremu 5 kwa sekunde, nafasi ya fremu kamili iwe 5. Na uzime zile kodeki zenye alama ya kujumlisha, H.264+ na H.265+. Zinaokoa diski kwa kutawanya fremu kamili mbali mbali, matokeo yake programu inachelewa kuunganika, na mbinu ya kusimbua fremu kamili peke yake, ambayo baadhi ya programu huitumia kupunguza kazi, inakosa maana.

H.265 kwenye mkondo mkuu ni sawa kabisa kama unaandikwa tu. Kwenye mkondo mdogo napendelea H.264, kwa kuwa ni nyepesi kuisimbua na vivinjari vyote vinaielewa.

Mkabidhi kazi anayeiweza

Prosesa nyingi za Intel zina sehemu ya video iliyoundwa mahususi kwa kusimbua. H.264 inasimbuliwa humo tangu kizazi cha 2 (2011), H.265 ya biti 8 tangu kizazi cha 6, na ya biti 10 tangu kizazi cha 7. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ina kisimbuzi cha H.264 na cha H.265, lakini Raspberry Pi 5 imebaki na cha H.265 peke yake. Anayehamia Pi 5 akiwa na kamera za H.264 huona mzigo ukirudi kwenye viini, akadhani amekosea mipangilio, kumbe kisimbuzi hakimo.

Endesha `vainfo`, amri inayoorodhesha visimbuzi vilivyomo. Ukiona `VAProfileH264High` ikifuatiwa na `VAEntrypointVLD`, kisimbuzi kipo na draiva inafanya kazi. Kama hakuna kitu, mara nyingi kosa ni la ruhusa: mtumiaji anayeendesha programu hayumo kwenye kundi la `render`, au kontena ya Docker haijapewa `/dev/dri/renderD128`. Baada ya kurekebisha, fungua `intel_gpu_top` na uitazame safu ya `Video`. Ikikaa 0% wakati kamera zinafanya kazi, usimbuaji bado uko kwenye prosesa, hata kama mstari wa `hwaccel_args` kwenye faili la mipangilio unasema vinginevyo. Usiamini faili, amini kipimo.

Mchana shwari, usiku moto

Dalili hii inastahili kuangaliwa kwa karibu. Jua likizama, kamera hupandisha usikivu wa kihisi na picha inajaa chengachenga. Kila chenga inaonekana kama mwendo. Taa za infraredi nazo huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando mmoja ukipeperuka sentimita chache mbele ya lenzi unafunika robo ya picha. Kila mwendo unaamsha utambuzi wa vitu, na kama utambuzi huo unafanywa na prosesa badala ya kifaa maalumu, viini vinajaa.

Dawa ya kwanza ni kitambaa laini: futa lenzi, ondoa utando. Kisha punguza kiwango cha juu cha gain (huo usikivu wa kihisi) kwenye mipangilio ya usiku ya kamera, picha iwe nyeusi kidogo lakini tulivu. Ziba maeneo ya miti, bendera na hasa saa iliyoandikwa kwenye kona ya picha, kwa kuwa tarakimu zake hubadilika kila sekunde. Usiiondoe saa kwenye kamera na kuiandikia kwenye programu ya kurekodi, maana hapo video italazimika kusimbuliwa, kuandikwa juu yake na kubanwa upya. Huo ndio mzigo mkubwa kuliko yote.

Mwendo ukishatulia na utambuzi wa vitu bado unaelemea, tafuta kifaa cha kuubeba. Coral, kifaa kidogo cha Google cha utambuzi, huchunguza picha moja kwa takriban milisekunde 10. OpenVINO, programu ya Intel ya utambuzi, ikiendeshwa kwenye sehemu ya picha ya prosesa ya Intel nayo inatosha nyumba ya kawaida, tena bila kununua kitu.

Mambo madogo yanayojificha

Skrini ya sebuleni inayoonyesha kamera zote muda wote, ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta ile ile inayorekodi, inasimbua kila mkondo kwa mara ya pili. Iwekee mikondo midogo, au iendeshwe na kifaa kingine. Kwenye Windows, programu ya kuzuia virusi hukagua faili za rekodi zinavyoandikwa. Toa folda hiyo pekee kwenye ukaguzi. Kamera ya Wi-Fi inayokatika hufanya `ffmpeg` izaliwe upya kila baada ya sekunde chache, na kuanza huko nako kuna gharama, basi soma kumbukumbu za matukio ya programu (logs) uone kama jina la kamera moja linajirudia.

Kama `wa` ilikuwa juu, angalia afya ya diski kwa `smartctl -a`, na hamisha hifadhidata ya programu kwenye SSD ukiacha video kwenye diski kubwa.

Joto nalo hudanganya. Prosesa ikichemka hupunguza kasi yake, na kazi ile ile iliyokuwa 45% inasomeka 80% bila chochote kubadilika. Kwenye Raspberry Pi andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa tofauti na `0x0`, shughulikia feni na umeme kabla ya kugusa kamera. Kwenye kompyuta nyingine linganisha kasi ya viini asubuhi na saa nane mchana kwa `grep MHz /proc/cpuinfo`. Ikishuka mchana huku kazi ni ile ile, fungua boksi utoe vumbi.

Badilisha jambo moja kwa wakati, uliache lipite usiku mzima, ndipo uguse lingine.