Taimukodi na santuri halisi: acheni kuchomoa waya jamani

Kuna swali nimeulizwa na madijei mpaka masikio yameota sugu: "fundi, leo nataka kupiga santuri halisi mbili tatu katikati ya seti, sasa nichomoe waya gani?" Hakuna, huchomoi kitu. Mtu kafungiwa vizuri kabisa mfumo wa taimukodi, yaani sahani maalumu inayomwezesha kuendesha nyimbo za laptopu kwa deki zake za kawaida, halafu anaingia nyuma ya miksa gizani na tochi ya simu kuhamisha waya za RCA za deki huku wimbo unaisha, kisha kesho yake ananiambia deki imeharibika. Deki haijaharibika, umechomeka kulia kushoto.

Dhana yenyewe ni kwamba ukishafunga taimukodi basi deki zako zimegeuka kuwa za kidijitali, na kurudi kwenye santuri ni kama kuhama nyumba. Sio kweli. Sindano haijui imewekwa juu ya sahani gani, yenyewe inatoa umeme mdogo uleule wa milivolti chache tu, iwe muziki au iwe mlio wa taimukodi. Sahani ya taimukodi haina wimbo wowote ndani, ina mlio, wa programu ya Serato ni wa hertz 1,000 na wa programu ya Traktor (sahani za MK2) ni 2,500, ndo maana sahani ya huyu haisomeki kwenye programu ya yule. Programu inasikiliza mlio umepanda au umeshuka kiasi gani inajua spidi, inalinganisha chaneli ya kushoto na ya kulia ipi imetangulia inajua unaenda mbele au nyuma, na ndani ya mlio kuna kodi ya kujua sindano iko sehemu gani ya sahani. Basi. Muziki uko kwenye laptopu.

Sasa kama miksa yako ina kadi ya sauti ndani, ile sauti ya deki ikishaingia inagawanyika, njia moja inaenda kwenye kompyuta na nyingine inaendelea kwenye chaneli ileile ya miksa. Swichi ya juu ya chaneli ndo inachagua wewe usikie ipi. Ukiweka USB unasikia faili, ukiweka fono, yaani mlango wa santuri, unasikia kilicho chini ya sindano. Kwa hiyo unatoa taimukodi, unaweka santuri, unapeleka swichi kwenye fono, umemaliza. Na ukisahau ukaweka fono huku taimukodi bado inazunguka utasikia mlio mkali wa kuudhi, usishtuke ukaanza kupiga watu simu, huo ndo mlio wenyewe unausikia mubashara.

Wenye boksi la nje, yaani kadi ya sauti iliyo nje ya miksa, ndo wanachanganyikiwa zaidi. Hapo deki inaingia kwenye boksi, boksi linatoka kwenda miksa kwenye laini (mlango wa sauti iliyokwisha kukuzwa), na santuri halisi unaipiga kwa kuweka deki ya programu kwenye thruu, yaani sauti ya sindano ipite tu. Maboksi mengi yana priampu ya fono humo ndani, yaani kikuza cha ule umeme mdogo wa sindano! Kwa hiyo miksa inabaki palepale kwenye laini. Lakini mtu kashakariri kwamba santuri ni fono, anapeleka swichi ya miksa kwenye fono ambako hakuna waya wowote, kimya, tayari presha imepanda. Mwingine anaamua kulichomeka boksi lenyewe kwenye tundu la fono, hapo ndo balaa, maana santuri zinakatwa zikiwa zimepunguzwa besi na kuongezwa treble kwa kanuni ya RIAA, priampu inarudisha, sasa wewe unarudisha mara mbili na kukuza mara mbili, unapata besi nzito ya matope na sauti iliyopasuka, halafu unailaumu spika.

Halafu kuna wale wa "laptopu ikizima nitahamia santuri, sina wasiwasi". Una uhakika? Kwenye miksa yenye swichi ya fono ni kweli, laptopu haihusiki kabisa. Ila boksi linalokula umeme kutoka USB, laptopu ikifa na priampu yake imekufa, na kuna mipangilio ambayo thruu inapita ndani ya programu yenyewe, ikiganda umeganda nayo. Ushauri wangu ambao hakuna anayeufuata: ukiwa nyumbani weka santuri icheze, kisha chomoa USB. Sauti ikiendelea uko salama, ikikata tafuta njia nyingine kabla ya siku ya kazi. Hapo ndo mahali pekee nakuruhusu kuchomoa waya.

Inayofuata kwa kunichosha: "waya ni wazima fundi, mbona santuri halisi inalia vizuri?" Santuri halisi inasamehe. Chaneli moja ikifa bado utasikia wimbo upande mmoja na kwenye kelele huwezi kugundua, kulia na kushoto zikipishana ndo kabisa hujui. Taimukodi haisamehi. Chaneli moja ikikosekana programu haijui mwelekeo, wimbo unacheza kama umelewa, na zikipishana wimbo unaenda kinyumenyume. Kwa hiyo kabla ya kufuta programu na kuiweka upya, fungua kichwa cha sindano, angalia zile pini nne, safisha, bana waya vizuri. Asilimia kubwa ya "programu mbovu" ninazoletewa ni uchafu kwenye pini.

Na kinyume chake kipo. Mvumo wa waya wa ethi usiobanwa programu inaweza kuuvumilia usijue kama upo, ukihamia santuri unatoka kwenye spika wote. Sio santuri iliyouleta.

Eti katriji (kile kidude kinachobeba sindano) ya bei mbaya inafanya faili zisikike vizuri. Haifanyi. Faili ni faili, sindano inasoma mlio tu, mradi hairuki na chaneli zote mbili ziko sawa inatosha. Ukipiga santuri halisi sasa hapo ndo pesa yako inasikika.

Eti sinki, ile ya programu kulinganisha tempo yenyewe, itakusaidia kuunganisha faili na santuri. Programu haiijui hiyo santuri, haina biti zake, namba ya tempo unayoiona ni ya faili tu. Masikio na pichi (kile kitelezi cha spidi cha deki), hakuna njia ya mkato, tena ngoma zilizopigwa na mkono zinayumba kwa hiyo utashikilia mpaka mwisho wa miksi.

Santuri kusikika ndogo kuliko faili sio ugonjwa, faili nyingi zimebanwa zikawa na sauti kubwa. Panga gein (ukubwa wa sauti inayoingia) kwenye hedifoni kabla ya kupandisha feda (kitelezi cha sauti cha chaneli), sio baada.

Ya mwisho ni hii ya spidi. Umepiga santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, umerudisha taimukodi, kitufe cha spidi umekisahau palepale, programu inategemea 33 kwa hiyo wimbo unaenda kasi karibu asilimia 35 zaidi. Kama umewasha kiloki, kile cha programu kinachozuia sauti kupanda au kushuka na spidi, sauti ya mwimbaji haipandi, inabaki ya kawaida ila anaimba kama anakimbizwa, na dijei anahangaika na pichi haifiki popote, anaanza kushuku faili, anashuku laptopu, anashuku mpaka mkanda wa deki ambayo hata mkanda haina. Angalia kitufe kwanza.