Kioo cha sola: dhana potofu ninazokutana nazo Dodoma

Nachora ramani za nyumba na ofisi hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 majengo yenye vioo vingi yameongezeka kila upande, na siku hizi haupiti mwezi kabla mteja hajanionesha video kwenye simu: dirisha safi kama maji, ambalo inasemekana linaendesha jengo zima kwa umeme wa jua. Nafurahi wanapouliza. Teknolojia hiyo ipo na naipenda. Ila mengi yanayosimuliwa juu yake yanaweza kumpotezea mtu fedha nyingi, kwa hiyo nayaandika kama ninavyoyaeleza tukiwa tumekaa mezani na ramani.

"Kinapitisha mwanga wote na kinatoa umeme kama paneli ya kawaida"

Haiwezekani. Mwanga uliokwisha kupita dirishani haugeuki tena umeme, kwa hiyo kila kioo cha sola kinabidi kichague kikamate nini na kiachie nini. Kuna kinachobeba seli, yaani vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, za kawaida za silikoni zilizopangwa kwa kuachiana nafasi katikati ya vioo viwili. Mwanga unapita kwenye mianya. Kuna chenye utando mwembamba uliochongwa kwa leza. Hicho niliwahi kushika sampuli yake, ukubwa wa daftari. Ukiisogeza mbali unaona kioo cha giza cha kawaida. Ukiileta karibu na jicho mistari inajitokeza, imelala sambamba, kama unaangalia nje kupitia chandarua.

Kile cha kwenye video ni aina ya tatu. Kinaachia mwanga tunaouona na kunasa miale ya ultravioleti na infraredi, ambayo jicho halioni. Zaidi ya nusu ya nishati ya jua imo humo, kwa hiyo wazo lenyewe ni zuri kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, wakiongozwa na Richard Lunt, walionesha kioo kinachosukuma miale hiyo hadi kwenye kingo zake, ambako vipande vyembamba vya seli vinaisubiri. Ufanisi wake, yaani sehemu ya nishati ya jua inayogeuka umeme, ulikuwa karibu asilimia 1. Mwaka 2020 timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ilifikia asilimia 8.1 kwa seli inayopitisha asilimia 43 ya mwanga unaoonekana, lakini hiyo ilikuwa seli ndogo ya maabara. Paneli unayofunga juu ya bati leo ina ufanisi wa asilimia 20 hivi.

"Tukiweka kwenye madirisha yote tumemaliza"

Hapa ndipo huwa natoa karatasi na kuchora jua. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena siku kumi za kwanza za Oktoba zikielekea kwisha, jua la saa sita na ushei linakuwa utosini. Simika kijiti uwanjani uone kinavyokosa kivuli. Hata Juni, linapoinamia kaskazini kuliko wakati wowote, saa hiyo linabaki nyuzi 60 juu ya upeo. Sasa dirisha limesimama wima. Saa ambayo jua ni kali kuliko zote, miale inateremka sambamba na ukuta bila kulipiga usoni, na paa likitokeza kidogo dirisha linakaa kivulini. Ulaya majira ya baridi jua linatambaa chini, na dirisha la upande wa kusini linalipata lote. Sisi dirisha linapata jua la kweli asubuhi upande wa mashariki na jioni upande wa magharibi.

Halafu tazama madirisha yetu yalivyo. Ni ya aluminiamu, ya kusukuma pembeni: ukilifungua, kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Mbele kuna grili ya nondo, na kila nondo inaangusha kivuli chake. Seli za sola zinaungwa kwa mfululizo, kama vibarua wanaopokezana karai za zege kwa mstari. Mmoja akilegea, mstari wote unasubiri. Kivuli chembamba cha nondo kinakula umeme mwingi kuliko upana wake.

Mimi nashauri kioo hiki kiwekwe juu ya kichwa: njia za kupita kati ya jengo na jengo, maegesho, veranda, paa la ukumbi wa katikati. Huko tunahitaji kivuli hata hivyo. Chukua njia yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 3, uifunike kwa kioo cha tabaka mbili chenye seli za kawaida zinazoziba nusu ya eneo. Jua likiwa kali unapata kama kilowati 6, kabla ya kukata hasara ya joto na vumbi, na chini yake watu wanatembea kwenye kivuli chenye mwanga. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2, hata tukilipatia ule ufanisi wa maabara wa asilimia 8.1 na kulielekeza kwenye jua moja kwa moja, halifiki wati 150.

"Joto la Dodoma litaongeza umeme"

Seli inahitaji mwanga. Joto linaipunguzia nguvu: kila nyuzi moja juu ya 25, silikoni inapoteza kati ya asilimia 0.3 na 0.5. Kioo chenyewe kinapata moto, kwa sababu nishati isiyogeuka umeme inabaki ndani yake. Ndiyo maana kwenye chumba cha kukaa watu nataka vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati, joto liishie kile cha nje.

"Fundi wa aluminiamu atabadilisha vioo tu"

Atabadilisha, lakini nyaya zitapita wapi? Zinahitaji njia ndani ya fremu, mahali maji ya mvua hayafiki, na kisanduku cha maungio ambacho fundi umeme anaweza kukifungua baada ya miaka mitano. Mafundi hao wawili wakae pamoja kabla fremu haijakatwa. Na kioo cha juu ya kichwa lazima kiwe cha tabaka zilizogandishwa pamoja, kama kioo cha mbele cha gari, ili kikipasuka vipande visiwaangukie watu.

"Mvua itakiosha"

Mvua ipi? Kuanzia Mei hadi Novemba huku ni vumbi na upepo. Kipe kioo mwinamo wa angalau nyuzi 10, na acha nafasi ya mtu kufika na kitambaa laini. Visima vingi vya huku maji yake yana chumvi, yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe, kwa hiyo malizia kwa kitambaa kikavu. Osha alfajiri kioo kikiwa bado cha baridi, maana maji yakimwagwa mchana kwenye kioo chenye moto yanaweza kukipasua.