Gando Dogo la Kaa wa Feri

Jumamosi moja asubuhi, pale Soko la Samaki la Feri, nilivutana bei na muuza kaa. Kaa mwenyewe alikuwa mkubwa, wa mikokoni, kafungwa kamba asimbane mtu. Gando la kulia lilikuwa nene kama ngumi ya mtoto. La kushoto lilikuwa jembamba, limepauka, utadhani kaliazima kwa mdogo wake. Nikamwambia muuzaji, "Kaka, huyu kilema, punguza." Akacheka. "Bosi, huyu kazaliwa hivyo hivyo. Ndivyo Mungu alivyomuumba." Mwenzake wa meza ya pili akadakia: "Kilema wapi! Wiki ijayo hilo gando linalingana na lile kubwa. Kaa hakosi kiungo."

Wote wawili walikuwa wamekosea, na wa pili zaidi. Hilo kosa lake nimelisikia Dar nzima kila wanapotajwa wanyama wanaoota viungo upya: kwamba kiungo kikikatika kinarudi kile kile, upesi, na bure.

Kaa akibanwa na pweza, na wavu au na kaa mwenzake, humwachia adui gando akakimbia. Halichomoki ovyo. Karibu na shina lake pana mstari wa kukatikia, na hapo ndani kuna kiwambo kinachozuia damu isimwagike. Baada ya muda huchomoza kichipukizi laini. Tatizo ni kwamba gamba la kaa ni gumu kama chungu, halitanuki, kwa hiyo gando jipya hukua limejikunja ndani ya kifuko, likingoja siku ya kujivua gamba (kitendo ambacho wanasiasa wetu wa CCM walikiazima mwaka 2011 kuwa kaulimbiu mpaka wakakichosha). Siku hiyo ikifika linakunjuka, dogo na laini. Kulifikisha kwenye ukubwa wa lile lingine, lazima ajivue tena mara kadhaa. Kaa mchanga hujivua mara kwa mara, ila aliyekwisha kunenepa anaweza kukaa miezi mingi na gamba lile lile. Hiyo "wiki ijayo" ni maneno ya biashara.

Yule muuzaji wa kwanza nimtetee kidogo. Wapo kaa wenye gando moja kubwa kwa maumbile: vile vikaa vidogo vinavyotoka mashimoni maji yakipwa, kwenye matope ya mikoko ya Kunduchi na Mbweni. Dume hupunga gando lake kubwa hewani kuita majike na kutishia madume wengine. Akilipoteza huota jingine la urefu ule ule, lakini jepesi na lenye misuli haba. Kwa macho hulitambui, na watafiti waliochunguza kaa wa jamii hii wameona kwamba hata kaa wenzake hawalitambui. Anaendelea kupunga, anachimba mkwara kama zamani, na mambo humwendea vizuri mpaka atokee mbishi wa kumjaribu.

"Mkia wa mjusi hurudi kama ulivyokuwa"

Hapa ndipo wengi wetu tulipoanzia. Utotoni kwetu Temeke, mjusi kafiri akisogea karibu na taa ya barazani, ufagio ulimwandama. Yeye akatoweka nyuma ya kabati, mkia ukabaki sakafuni unacheza peke yake, nasi tumeuzunguka. Tuliambiana kwamba ukiachwa mpaka asubuhi utageuka mjusi kamili. Haugeuki. Hucheza dakika chache kwa sababu neva zilizomo zinaendelea kuisukuma misuli bila kungoja ubongo, na shughuli yote ile ni ya kumfanya paka akodolee macho mkia wakati mwenye mkia anaparamia ukuta.

Ukitaka kujua kama mjusi wa sebuleni kwako amewahi kukoswakoswa, mtazame nyuma. Mkia ulioota upya huwa na rangi tofauti, magamba yasiyofuata mpangilio wa mwanzo, na mara nyingi ni mfupi zaidi. Kwa ndani tofauti ni kubwa kuliko hiyo. Pingili za uti wa mgongo hazirudi kabisa. Badala yake huota mrija wa gegedu (ule mfupa laini kama wa sikio), mmoja, moja kwa moja hadi nchani. Na kwa kuwa mistari ya kukatikia imo ndani ya zile pingili za asili, mkia mpya hauna pa kukatikia. Akikamatwa tena lazima akatie juu zaidi, kwenye pingili zilizosalia. Ni kama vocha: ukishaikwangua, umeikwangua.

Tena mkia ni ghala la mafuta. Anayeuacha kaacha akiba ya siku za njaa, na mijusi wengi waliochunguzwa baada ya kupoteza mkia huzorota kukua, au hupunguza mayai, wakati wanaujenga mwingine.

Na si kila mwenye mkia anao wa akiba. Kinyonga hana, mkia wake ni mkono wa tano wa kushikia tawi, ukikatwa umekwenda. Kenge vivyo hivyo. Hata huyo mjusi kafiri, ujanja wake unaishia mkiani: mguu wake ukikatika hauoti mwingine.

"Nyungunyungu ukimkata unapata wawili"

Hii niliisikia tena Kigamboni kwa vijana wanaochimba chambo, mmoja akijisifu kwamba anazidisha mtaji kwa wembe. Anautia hasara. Kipande chenye kichwa, kikiwa kirefu cha kutosha na kutegemea aina ya nyungunyungu, huweza kuota mkia. Kipande cha nyuma kwa kawaida hujinyonganyonga, kikafa.

Mnyoo mwenye uwezo huo yupo, ila ni mwingine kabisa: planaria, bapa, mdogo, wa kwenye maji baridi. Mwaka 1898 Mmarekani Thomas Hunt Morgan alipiga hesabu kwamba kipande cha 1/279 cha mwili wake kinatosha kutoa mnyoo mzima. Siri yake ni seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina yoyote, ambazo kwake zimetapakaa karibu mwili mzima.

Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, naye kapakwa sifa hiyo hiyo. Aina nyingi huota mkono uliokatika, lakini mkono uliokatika hauoti mwili. Ili mwili uote lazima kipande cha sehemu ya katikati kiwe kimeondoka nao. Linckia, jamii inayopatikana Bahari ya Hindi, ndio wanaovunja kanuni. Mkono mmoja wa huyo, ukiachwa, hutoa pale ulipokatikia vichipukizi vya mikono mingine, na kwa miezi unaonekana kama kimondo chenye mkia mrefu. Na jongoo bahari? Hapo watu wana haki zaidi kuliko wanavyojua. Baadhi yao hujigawa wenyewe katikati na kila nusu ikajikamilisha. Wengine wakitishwa sana hutema utumbo wote nje, kisha hukaa wiki kadhaa wakitengeneza mwingine.

"Pweza akishikwa na njaa anakula mikono yake"

Jioni moja Magomeni, mezani kwa muuza pweza, bakuli la supu mkononi, mteja mwenzangu alimwona pweza mwenye mkono mmoja mfupi akamkataa. Huyo, alisema, alikuwa na njaa akajila. Nyama yake haina nguvu. (Nguvu gani, sote pale tulielewa, na nayo ni dhana ya siku nyingine.)

Mkono mfupi wa pweza wa baharini mara nyingi ni kazi ya meno ya adui, na mkunga ndiye anayejulikana zaidi kwa hilo. Pweza waliowekwa kwenye matangi wamewahi kuonekana wakijitafuna, kweli, lakini huo ni ugonjwa. Hata waliolishwa vizuri wamefanya hivyo, wakafa baada ya muda mfupi. Mkono uliopotea kwa mkunga huota tena ndani ya miezi kadhaa, na huyu naye ni fundi hasa: hurudi misuli, hurudi vinyonyeo, hurudi na neva. Hizo neva si jambo dogo, maana karibu theluthi mbili za seli za neva za pweza zimo mikononi, kichwani hamna wingi huo. Yule mteja aliacha kipande kizuri tu. Nilikichukua mimi.

"Ni wadudu duni tu, mwenye uti wa mgongo hawezi"

Mexico, kwenye mifereji ya Xochimilco, yuko aksolotli, mnyama wa jamii ya salamanda, ambao kwetu kusini mwa Sahara hawapo kabisa. Ana uti wa mgongo kama wewe. Ukikatika mguu wake, seli za karibu na jeraha huacha kazi zake za zamani, zikakusanyika kuwa bonge liitwalo blastema, na bonge hilo hujenga upya mfupa, misuli, neva na vidole. Kwetu sisi jeraha hufungwa chapuchapu kwa kovu, damu isitoke na vijidudu visiingie, na kovu likishakaa hakuna kinachojengwa hapo.

Mwaka 2012 watafiti waliokuwa wakinasa panya wa miamba nchini Kenya, wa jenasi Acomys, wenye manyoya magumu kama miiba, waliripoti jambo ambalo halikutarajiwa kwa mnyama anayenyonyesha. Ngozi yao huchanika kama karatasi mkononi mwa anayewashika. Wanaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, na inaporudi inarudi na vinyweleo vyake. Matundu ya milimita 4 yaliyotobolewa masikioni yalijifunga yakajaa hadi gegedu. Panya wa jenasi hiyo wapo Tanzania pia.

Binadamu hakunyimwa kabisa. Mwaka 1974 daktari Cynthia Illingworth wa Sheffield, Uingereza, aliandika kuhusu watoto waliokatwa ncha za vidole na milango: jeraha likisafishwa na kuachwa bila kushonwa, ncha iliota, kucha na yote, mradi mkato haukuvuka kiungo cha juu cha kidole. Na ini, ndiyo, ukikatwa sehemu linarudisha ukubwa wake. Lakini lile pande lililotolewa halioti. Lililobaki ndilo linalovimba kufidia. Wale wanaoagiza bia nyingine kwa hoja kwamba "ini linaota bwana" wasahau: pombe ya miaka hulijaza ini makovu, na ini lililojaa makovu hupoteza ustadi huo.

Kaa wangu nilipunguziwa elfu mbili. Nyama ya lile gando dogo haikujaza hata kijiko.